Vazi la Mgiriki

Silvère alipolitandaza lile vazi juu ya meza ya kukatia, Mzee Usumani alirudi nyuma hatua moja. Lilikuwa jeusi, zito, lenye mikono na miguu, na lilinuka kama gurudumu la lori lililoachwa juani. Lilijaa meza nzima, miguu ikaning'inia pembeni, kana kwamba mtu mnene ameingia dukani kujilaza bila kukaribishwa.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo, Baba. Nguo ya kuzamia majini."

"Ya nani?"

"Ilikuwa ya Mgiriki mmoja kule Bujumbura, yule aliyenifundisha kuzamia. Alipohama akaniachia. Mitungi yake ya hewa aliiuza, lakini hii hakuna aliyeitaka."

"Kwa nini?"

Silvère alikuna shingo. "Alikuwa mnene sana."

Kutoka ng'ambo ya barabara, Cécile, muuza maharage, alikuwa amekwisha kusimama ili aone vizuri. Duka la Mzee Usumani lilikuwa Kabeza, mtaa wa mji mkuu wa Rwanda, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na kila kilichowekwa juu ya meza yake kilionekana na watu wote wa upande ule. Juu ya mlango palikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyekundu juu ya nyeupe: USUMANI, FUNDI WA NGUO. NGUO YANGU HAIRUDI. Kwa miaka thelathini na mmoja kibao kilikuwa hakijasema uongo. Magauni ya wake za askari wa kambi ya Kanombe, suti za makarani, kanzu za Idi, vyote vilitoka mlango ule na havikurudi kupanuliwa wala kupunguzwa.

"Nataka ipunguzwe, Baba, inikae mimi," Silvère alisema. "Alhamisi wananichukua ziwani. Arnaud amenitafutia nafasi."

Habari ya Arnaud ilikuwa inajulikana nyumbani tangu wiki iliyopita. Aliwaongoza wazamiaji wa mradi wa samaki. Mradi huo, miaka miwili nyuma, ulichukua meli ya mizigo iliyochakaa, ukaisafisha mafuta yote, ukaizamisha kwa makusudi katika Ziwa Kivu mbele ya Kibuye, mita ishirini na nane chini, ili samaki wapate mahali pa kujificha na kuzalia. Sasa wenye mradi walitaka mtu ashuke aone kama samaki wamehamia. Arnaud alikuwa na nafasi moja ya kazi ya kudumu. Alikulia Bujumbura na Silvère, akamkumbuka. Lakini alisema wazi: bila vazi, hamshushi mtu. Chini kule maji hayaonani na jua, na mtu anayetetemeka huvuta hewa ya mtungi mara mbili ya mwenzake. Ikifika Alhamisi Silvère hana vazi, nafasi itakwenda kwa kijana mmoja wa Kizungu mwenye la kwake.

Na Silvère aliihitaji nafasi ile kuliko alivyoweza kusema. Gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa vita vilipoanza, mwenye mali akaenda zake. Tangu hapo, mwaka mmoja na miezi minane, yeye na mkewe Aidah walikuwa wanalala chumba cha nyuma, katika ua wa Mzee Usumani. Mwanamume kulala kwa baba mkwe! Alikuwa akiamka kabla ya watu wote kuteka maji, ili asikutwe amekaa. Mezani alichukua kipande kidogo cha nyama, akasema ameshiba. Cécile alikuwa amempa jina la "mgeni wa kudumu", na alilitaja kwa sauti ya kusikika.

Mzee Usumani aliuminya mpira wa lile vazi kwa vidole. Unene wake ulikuwa kama wa mkanda mzuri wa ngozi. Aliukunja, ukajikunjua. Alichungulia mshono, akaona kwamba haukutoboa upande wa pili. Sindano ilikuwa imepita katikati ya unene na kurudi.

"Aliyeshona hii anajua kazi," alisema, na moyoni akawa amekwisha kuikubali. "Simama hapa nikupime."

Silvère alisimama. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1992, na asubuhi za kiangazi zina baridi Kabeza, basi alikuwa amevaa suruali ya kaki na sweta ya sufu aliyofumiwa na Aidah. Mzee Usumani akapima kifua juu ya sweta. Akapima kiuno juu ya mkanda. Akapima paja juu ya suruali, na alipofika sehemu ya ndani ya paja, akakisia kwa jicho huku akitazama barabarani.

Mkwe ni mkwe. Tangu Silvère amwoe Aidah, wawili hawa hawakuwahi kula sahani moja. Silvère alipooga uani, alitoka bafuni amevaa viatu na amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Kumwambia mtu kama huyo avue shati lilikuwa jambo ambalo mdomo wa Mzee Usumani haukuwa na mahali pa kuliweka.

"Nimekuachia vidole viwili kila upande," alisema akiandika kwa chaki. "Upate kupumua. Mtu aliyebanwa hafanyi kazi."

Silvère alifungua mdomo. Ndege iliyokuwa inashuka uwanja wa Kanombe ikapita juu ya mabati, kikombe kikatetemeka mezani, na kwa muda hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Ilipokwisha kupita, Silvère alikuwa amefunga mdomo tena.

"Asante, Baba," alisema.

*

Jumanne asubuhi walikwenda kulijaribu vazi katika bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini. Arnaud alikuwa na rafiki pale. Mzee Usumani alivaa suti yake ya kijivu na tai, tepu ameiweka mfukoni, akakaa kwenye kiti cheupe kando ya maji. Wazungu wawili walikuwa wakinywa kahawa. Wahudumu walisimama mlangoni na sinia zao.

Silvère alitoka chumba cha kuvalia. Mgongoni vazi lilimkaa vizuri, na Mzee Usumani akaona fahari. Mikono ilikuwa na nafasi, miguu ilikuwa na nafasi, kiuno kilikuwa na nafasi. Kama ingekuwa suti ya harusi, bibi arusi angelia kwa furaha.

Kisha Silvère akaruka.

Maji yaliingia shingoni yakafurika ndani. Tumbo likavimba, mikono ikavimba. Alipiga mateke kwenda chini na vazi likamrudisha juu, hewa iliyonaswa mgongoni ikamfanyia nundu kama ya ng'ombe. Alipojivuta kupanda ngazi, maji yalishuka yote miguuni, na akasimama pale pembeni mwa bwawa na miguu miwili iliyonenepa kama magunia, maji yakimchuruzika kwenye vifundo, chwaa, chwaa.

Mhudumu mmoja hakuweza kujizuia. "Mzee! Umemshonea pamoja na watoto atakaozaa?"

Hata Wazungu, ambao hawakuelewa neno, walicheka. Arnaud alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha Mzee Usumani, kwa heshima, akasema taratibu:

"Mzee wangu, kazi ya mshono iko safi. Kweli, iko safi. Lakini hii imekuwa kanzu. Hii nguo inatakiwa ibane kama ngozi ya pili."

"Nilimwachia vidole viwili."

"Hata kimoja hapana, Mzee. Hata karatasi isipite." Akamtazama Silvère, aliyekuwa akiminya mguu mmoja utoe maji. "Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi gari inapita Kabeza. Ikiwa tayari, tunakwenda. Isipokuwa tayari, bambe, pole sana, mimi sina namna."

Njia nzima ya kurudi hawakusemezana. Silvère alibeba vazi begani, nalo likamtonea mgongoni. Walipofika dukani Cécile alikuwa ameshika mizani, akaisahau mkononi.

"Baba Aidah," aliita kutoka ng'ambo, "macho yangu yananidanganya, au nguo imerudi?"

Mzee Usumani aliingia ndani na kufunga mlango wa duka mchana kweupe. Watu wa Kabeza hawakuwa wamewahi kuuona umefungwa saa zile, isipokuwa siku ya Ijumaa.

*

Mkewe Nyiraneza alileta chai, akaiweka, akatazama lile vazi na kutikisa kichwa. Aidah ndiye aliyeligeuza ndani nje. Alikulia chini ya meza ile ile akiokota pini, na jicho lake lilikuwa la fundi.

"Baba, ulimpima akiwa amevaa nini?"

"Nguo zake."

"Na sweta?"

"Kulikuwa na baridi."

"Sweta yangu? Ile nzito?" Aidah akashika kiuno. "Basi hukumpima Silvère. Ulimpima kondoo!"

Nyiraneza aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Silvère aliangalia sakafu.

"Ulitaka nifanyeje?" Mzee Usumani alisema. "Nimwambie avue? Mimi ni baba mkwe wake!"

"Wewe ni fundi."

"Ni baba mkwe kwanza."

"Na wewe," Aidah akamgeukia mumewe, "ulijua nguo hii inatakiwa kubana. Ulikuwa na mdomo. Mbona hukusema?"

"Ningemsahihisha Baba katika kazi yake?" Silvère alisema kwa sauti ndogo. "Nakula kwake, nalala kwake, halafu nimfundishe kupima?"

Mzee Usumani aliinua kikombe akakiweka chini bila kunywa. Alikumbuka ule mdomo uliofunguka na ndege ikapita. Alikuwa ameuona. Alijua hata siku ile kwamba kuna neno limebaki ndani, na hakuuliza, kwa sababu fundi anayeuliza anakiri kuna asichokijua.

"Nitampima mimi," Aidah alisema.

"Mpira huu ukikatwa zaidi ya inavyotakiwa, hakuna mwingine Rwanda nzima. Anayekata ndiye anayepima." Mzee Usumani alisimama. "Mama Aidah, nendeni uani, wewe na mwanao. Mfunge na dirisha."

Wakabaki wawili katika duka lenye mwanga wa taa moja. Silvère alivua sweta, akaikunja vizuri mno, akaiweka juu ya kiti. Alishika kifungo cha kwanza cha shati na mkono ukakwama pale. Alitazama mlango, akatazama dari. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu.

"Baba, siwezi," alisema. "Nisamehe. Mkono unakataa."

Mzee Usumani alimtazama kwa muda. Kisha akavua koti lake la kijivu akalitundika kwenye msumari. Akalegeza tai, akaivua. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu, akalivua, akavua na fulana. Akasimama mbele ya mkwewe na kifua chake cha miaka sitini na miwili, mvi kifuani, tumbo lililolegea juu ya mkanda, na lile kovu refu la upasuaji ambalo, mbali na Nyiraneza na daktari, hakuna aliyewahi kuliona.

"Haya," alisema. "Sasa anayemwaibisha mwenzake ni nani?"

Silvère alilitazama lile kovu. Alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, na Mzee Usumani, aliyekuwa amejiandaa kukasirika, akajiangalia tumbo na kucheka pia, akacheka hadi akaegemea cherehani.

"Wanacheka nini?" sauti ya Nyiraneza ilisikika kutoka uani.

"Mama, toka dirishani!" sauti ya Aidah ikajibu.

Wakapima. Tepu ilikuwa baridi juu ya ngozi, na Silvère aliruka kila ilipomgusa. Shingo, kifua, chini ya kwapa, mbavu, kiuno, paja, ndani ya paja, goti, shavu la mguu, kifundo. Mzee Usumani aliandika sehemu ishirini na sita.

"Sasa niambie," alisema huku pini ziko mdomoni. "Maji hayaingii kabisa?"

Silvère akasita kwa mazoea. Mzee Usumani alitoa pini mdomoni. "Sema, mwanangu. Usinishukuru. Sema."

"Yanaingia, Baba. Kidogo tu. Yakishaingia hayatoki, yanakaa palepale, mwili unayapasha moto, yanakuwa kama blanketi. Vazi likilegea, yale ya moto yanatoka na mengine ya baridi yanaingia. Kila ukijigeuza, baridi mpya."

"Kwa hiyo nguo hii hushonwa ili ilowe?"

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na mmoja," Mzee Usumani alisema, "na leo ndiyo nasikia hilo." Akapiga mstari wa chaki. "Na huko chini kuna nini cha kukufanya uitake kazi hii hivyo?"

Silvère alifikiri. "Chini kuna utulivu. Unasikia pumzi yako tu. Na hakuna anayeniuliza nalala kwa nani."

Mzee Usumani aliukata mpira kwa mkasi mkubwa, polepole, kwenye mstari.

*

Jumatano nzima duka lilibaki limefungwa. Kwanza alipaka kingo gundi ya mafundi baiskeli, mara mbili, akaziacha hadi zikauke kidogo, kisha akazigusanisha na kuzishika kwa vidole kuanzia juu hadi chini. Baada ya hapo alishona kwa mkono, sindano ikiingia nusu ya unene na kurudi, kama alivyoona kwenye mshono wa yule fundi asiyemjua. Kastabini ilimwacha na alama kidoleni. Aidah alishika taa na kukata nyuzi. Saa kumi jioni walimwita Silvère, naye akachukua robo saa kuingia ndani ya vazi, akijipaka poda ya watoto na kuvutwa na watu watatu.

"Naweza kupumua nusu," alisema.

"Nusu inatosha?"

"Inatosha. Majini linalegea kidogo. Lakini kwapa la kushoto linakata, Baba."

Mzee Usumani alilifumua kwapa la kushoto bila kununa hata kidogo. Nyiraneza aliliona hilo, akaenda kupika wali.

*

Alhamisi gari la mradi lilipopiga honi, Mzee Usumani alikuwa amekwisha kusimama barabarani, na suti na tai.

"Mzee, unakwenda wapi?" Arnaud aliuliza.

"Nguo yangu inakwenda. Nami nakwenda."

Kwenye kizuizi cha kutoka mjini askari alipekua mizigo, akalivuta lile vazi jeusi kutoka kwenye begi na kurudi nyuma, mkono kwenye bunduki.

"Hii ni ya nini? Ni ya nani hii?"

"Ni nguo ya kuzamia," Arnaud alianza, akitafuta karatasi za mradi. Askari hakumsikiliza. Alikuwa ameinamia dirisha la nyuma.

"Mzee Usumani wa Kabeza?"

"Ndimi."

"Si wewe uliyenishonea koti la harusi! Mwaka wa themanini na tisa, la bluu, mikono hii!" Askari akalikunja vazi, akalirudisha kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. "Na sasa unashona mashetani?"

"Nashona kinacholetwa," Mzee Usumani alisema. "Koti lilirudi?"

"Halikurudi, Mzee! Piteni."

Kibuye ziwa lilikuwa limetulia, vilima vimeingia ndani yake vichwa chini. Mzee Usumani hakujua kuogelea, na tangu azaliwe hakuwa amepanda chombo cha majini. Manzi, mwendesha boti, alimkalisha katikati na kumvalisha koti la kuelea juu ya suti. Walikwenda hadi kwenye dumu la njano lililofungwa kamba. Kamba ile ilishuka moja kwa moja hadi kwenye meli.

Arnaud na Silvère walivaa mitungi, miwani, na mapezi ya miguu. Kabla ya kujiangusha nyuma, Silvère alimtazama baba mkwe wake. Hakusema asante. Alipiga kifua chake kwa kiganja, pa, pa, na vazi halikukunjamana popote. Kisha akapotea.

Yakabaki mapovu. Mapovu yalipanda kwa mafungu mawili, yakavunjika juu, yakapanda mengine. Mzee Usumani aliyakazia macho. Mfukoni alikuwa na kipande cha mpira kilichobaki baada ya kukata, akakiminya. Alifikiria kila mshono kwa jina lake: bega la kulia, bega la kushoto, mgongo wa kwanza, mgongo wa pili. Kama gundi itaachia kule chini, nani atamwambia?

"Wanakaa muda gani?"

"Chini kabisa, dakika ishirini," Manzi alisema. "Halafu wanapanda polepole, wanapumzika njiani kwenye kamba. Hapa tuko juu ya milima, Mzee, hewa yetu ni nyepesi. Anayezama huku anapanda polepole kuliko wa baharini."

"Na akipata baridi kabla ya hapo?"

"Arnaud anamrudisha mara moja. Na kazi imekwisha."

Dakika kumi. Mapovu yalikuwa mafungu mawili. Kumi na tano, mafungu mawili. Ishirini. Mzee Usumani aligundua kwamba alikuwa anapumua pamoja nayo, akingoja fungu la Silvère livunjike ndipo naye atoe pumzi. Kisha mapovu yakahama, yakaja karibu na kamba, yakakaa pale, yakakaa, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko wote. Akatoa tai akaitia mfukoni.

Kichwa cha kwanza kutokea kilikuwa cha Silvère. Alitema mpira wa hewa mdomoni, akainua miwani, na alikuwa anacheka.

"Baba! Wamehamia!"

"Nani?"

"Samaki! Wote!" Alishika ukingo wa boti na maneno yakamtoka yakigongana. "Chuma chote kimeota ukijani. Juu ya sitaha tilapia wamechimba vitanda vyao kwenye tope, kila mmoja na kitanda chake, ukikaribia anakukimbiza! Kaa wako kwenye minyororo. Nikapiga tochi juu, sambaza wale wadogo wakapita, Baba, kama mtu amemwaga debe la sindano! Wanang'aa, wanageuka wote pamoja. Nikaingia chumba cha nahodha. Kuna tilapia mmoja mkubwa mle mlangoni, kakataa kunipisha. Kasimama ananitazama tu, anatafuna. Nikasema, huyu ni Cécile!"

Manzi alicheka hadi boti ikayumba, na Mzee Usumani akashika ukingo kwa mikono miwili. Aliinama, akaushika mkono wa mkwewe uliovaa mpira, akaupapasa hadi begani.

"Na baridi?"

Silvère alifuta maji usoni. Zamani angesema hakuna, Baba, asante.

"Mgongoni, mshono wa pili, karibu na kiuno," alisema. "Panaingiza. Si sana, lakini panaingiza."

Uso wa Mzee Usumani ukafunguka kama wa mtu aliyepewa zawadi.

"Nilijua!" alisema. "Mshono ule nilikuwa na wasiwasi nao. Ulete, nitaurudia."

Arnaud, aliyekuwa akipanda upande wa pili, alivua miwani na kusema bila kugeuka: "Silvère, Jumatatu ofisini. Uje na picha mbili za pasipoti."

*

Mwezi uliofuata Silvère na Aidah walihamia mtaa wa Kagarama, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Siku ya kuhama, Cécile alivuka barabara na kibaba cha maharage, akamkabidhi Silvère mwenyewe. "Mgeni wa kudumu hakudumu," alisema, "nitamsema nani sasa?" Jumapili ya kwanza wazee walikaribishwa chakula. Silvère aliketi kichwani mwa meza yake, akajipakulia kipande kikubwa cha nyama, na Nyiraneza akasahau kula kwa kumtazama.

Vazi lilirudi Kabeza kwa ajili ya mshono ule, na mara nyingine mbili. Cécile aliliona kila mara likivuka barabara begani mwa Silvère, na mara ya tatu hakusema kitu, kwa sababu Mzee Usumani mwenyewe alilitundika nje ya duka likauke, chini ya kibao, mahali ambapo kila apitaye angeuliza ni nini. Naye alikuwa na muda wa kueleza. Kwenye kibao aliongeza mstari mmoja kwa rangi nyekundu: NA MAVAZI YA CHINI YA ZIWA.

Asubuhi moja gari la mradi lilisimama mlangoni. Alishuka mkurugenzi, Mzungu mrefu, mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, na nyuma yake Arnaud akiwa amebeba vazi jeusi lingine. Lilikuwa limenunuliwa Ulaya, Arnaud alieleza, na linamning'inia mkurugenzi magotini. Wamesikia kwamba hapa pana fundi.

Mzee Usumani alilipapasa, akauangalia mshono, akatazama mwili wa mgeni kutoka juu hadi chini.

"Mwambie avue."

"Mzee," Arnaud alinong'ona, "huyu ndiye mkurugenzi."

"Namwona."

Arnaud alitafsiri. Mkurugenzi akawa mwekundu, akatazama barabara, akamtazama Cécile, aliyekuwa amekwisha kuweka mizani chini ili aone vizuri. Akacheka kicheko kidogo cha adabu na hakushika kifungo hata kimoja.

Basi Mzee Usumani alifunga mlango wa duka. Akawasha taa. Akavua koti lake la kijivu, akalitundika kwenye msumari, akaanza kufungua vifungo vya shati lake mwenyewe, kimoja kimoja, bila haraka.

"Sasa," alimwambia mkurugenzi, "tupime."